Saa ya Kuzamia

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mjukuu wangu kanipa daftari. Kasema niwe naandika humu yale ninayowaambia watu, ili watu wapumzike. Mtoto yule! Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini sikutolewa kwa ujinga. Nilitolewa kwenda kulea wadogo zangu. Herufi zote ninazo, na nyingine za ziada. Haya, tuandike.

Sebule yangu si sebule tena. Ni karakana. Tangu kitindamimba wangu awe fundi saa, meza ya wageni imejaa bisibisi nyembamba kama ndevu za kambale, na kochi halikaliwi, kisa kuna springi iliruka ikaingia humo na haijaonekana mpaka leo. Mgeni akija namkaribisha jikoni, tunatazamana na masufuria.

Leo kaja Miwani. Namwita hivyo kwa sababu ana miwani puani na nyingine utosini, na bado anakunja uso. Ndiye mwenye duka kubwa la saa, lile lenye mlinzi mlangoni. Kaleta saa moja kwenye kitambaa laini, kaishika kama yai. Kasema mwanangu aisafishe, airekebishe. Jumamosi mnunuzi atakuja kuitazama hapa hapa nyumbani, maana ni mtu wa wasiwasi, anataka kumwona fundi uso kwa uso. Akiridhika, mwanangu anapewa meza yake mwenyewe kule dukani. Asiporidhika, Miwani ana fundi mwingine wa kumpa.

Mwanangu anaitaka meza ile mpaka anaiota. Mimi naitaka kuliko yeye. Atoke na bisibisi zake, nirudishiwe kochi langu.

Niliuliza kama saa yenyewe ni mpya. Miwani akasema ni mali iliyowahi kuwa na mwenyewe. Mtumba! Si useme mtumba?

Mwanangu kaniambia nisiiguse. Mtoto niliyemfuta kamasi! Sikuigusa. Niliinusa tu.

Nyeusi tii. Uso wake una mawimbi ya kuchongwa. Nyuma pana mashua ya matanga, imeinama kama inataka kulala. Mkanda si ngozi, ni kitambaa kigumu, mwanangu anasema kitambaa cha tanga. Harufu yake chumvi, na kitu kingine. Kama manukato ya mtu aliyeondoka chumbani zamani.

Nani kaivua? Kwa nini? Mtu havui kitu kama hiki bure.

Na jambo jingine. Ukingoni mwa mkanda mweusi pana mshono mmoja wa uzi mwekundu. Mbovu! Umepanda, umeshuka, umekwenda kombo kama mlevi anatafuta mlango. Mimi nimeshona sare kiwandani mpaka nikastaafu. Nitalala na picha ya mshono ule machoni.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Mwanangu anasema saa hii ni ya kauri. Nikamwambia kauri ni vikombe. Kauri ni sahani. Kauri ni lile bakuli la chooni, mwanangu, na hakuna mtu mwenye akili anayelivaa. Akasema hii ni kauri ya aina nyingine, haichubuki hata kwa kisu.

Hakusema kuhusu sindano. Alipokwenda kuoga, nilijaribu na sindano. Haichubuki! Nikajaribu na ile kubwa ya kushonea magunia. Wapi! Nikaigonga na kijiko, kama tunavyogonga vikombe dukani kusikia kama vina ufa. Ikalia vizuri, ting! Mwanangu akauliza kutoka bafuni ni nini kinalia. Nikasema sukari ilikuwa inakorogwa. Akasema sijaweka chai jikoni. Nikamwambia aoge.

Jioni alikuwa kwenye simu na Miwani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikifagia, pale pale, kwa muda mrefu. Nikasikia kwa masikio yangu akisema, bila kusita, kwamba hii ni saa halisi ya kuzamia. Inazamia mpaka mita mia tatu bila wasiwasi.

Fagio likaniponyoka.

Saa ya kuzamia! Najua wazamiaji, nimewaona kwenye kila sherehe ya maisha yangu. Wale wanaoingia bila kadi, wanacheka na bibi harusi kama dada yao, wanakula mara mbili, wanatoka na kifurushi. Kumbe watu wa pesa wametengenezewa saa ya kazi hiyo! Ndiyo maana matajiri hawazuiwi milangoni. Sisi tunasumbuka kuomba kadi, wao wananyoosha mkono tu.

Lakini mita mia tatu kutoka wapi? Kutoka nyumbani kwako au kutoka mlangoni?

Jumatano, tarehe 11 Juni

Niseme kwa nini nauliza.

Mtaa wa pili yuko Mama Mapazia. Anashona mapazia, na siku hizi maturubai ya kufunikia mashua za watu wa mashindano. Keshokutwa anafungua duka jipya. Kadi kagawa kwa kila mtu. Kampa muuza mkaa. Kampa yule mwanamke anayeuza mayai ambayo nusu yameoza. Mimi hakunipa.

Kisa! Kisa nilimwambia mbele ya wateja kwamba mapindo yake hayajanyooka. Hayajanyooka! Nilitumia rula.

Nisingejali. Lakini watu wanasema ndani ya duka lile kuna pazia linalofunguka lenyewe. Hakuna kamba, hakuna mkono. Unabonyeza rimoti, pazia linakwenda zake kama limeitwa. Linakwendaje? Nani analivuta? Limeshonwaje huko juu? Tangu nisikie, usingizi umekuwa wa kukopa.

Basi leo nikamzunguka mwanangu kwa akili. Nikamletea chai. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, ile pete ya nje ya saa yenye pembetatu ni ya nini. Akafurahi, maskini. Hakuna anayemuulizaga. Akaniambia mzamiaji akishaingia tu, anaizungusha pete, pembetatu inakaa kwenye mshale wa dakika. Baada ya hapo pete inamwonyesha amekaa ndani muda gani. Akizidisha muda, ni hatari, hewa inamwishia.

Nikasema kweli, kukaa sana ndiko kunakowaumbua. Akasema ndiyo mama, wengi wameponzwa na tamaa, wanaona vitu vizuri huko ndani wanasahau kutoka.

Hivyo hivyo! Kumbe anajua!

Na pete inazunguka upande mmoja tu. Hairudi nyuma. Mwanangu anasema wameifanya makusudi, ikigongwa na kitu ikasogea, ikupunguzie muda, isikuongezee. Heshima ya saa hiyo! Nawajua watu wasio na adabu kama ya hiyo pete.

Nikauliza kama mzamiaji anahitaji nguo maalumu. Akasema ndiyo, nyeusi, ya kubana. Hilo nimelipuuza. Nitavaa gauni langu la zambarau.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Saa imekamilika. Mwanangu kaing'arisha, kaifungia kwenye droo ya cherehani yangu, ufunguo kauvaa shingoni. Ana ufunguo mmoja. Mimi nina mwingine tangu kabla hajazaliwa.

Kaenda sokoni. Nikaitoa. Nikaivaa mbele ya kioo. Nikanyoosha mkono kumsalimia mlinzi. Nikakunja mkono kama mtu anayeangalia saa kwa sababu anasubiriwa mahali pengine pazuri zaidi. Nikapendeza. Kwa nini nikatae?

Ila ule mshono mwekundu! Kila nikinyoosha mkono, unanitazama. Nikajiambia, mama, unakwenda kwa mwanamke uliyemsema mapindo, halafu uende na mshono kama huo mkononi? Atakucheka mpaka ajikojolee.

Nikaufumua.

Kazi ya sekunde chache. Nikashona upya kwa uzi mweusi, uzi kwa uzi, hata fundi wa tanga mwenyewe asingejua. Ule mwekundu sikuutupa, uzi hautupwi. Niliuzungushia kwenye pini nikaichomeka kwenye kilemba. Mwanangu atanishukuru. Mnunuzi atanishukuru zaidi.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Mchana mwanangu kaenda kunyoa, apendeze kesho. Mimi huyo!

Mlangoni kwa Mama Mapazia kasimama bawabu mwenye kifua kama kabati, anakusanya kadi. Mbele yangu kuna watu. Zamu yangu ikafika. Nikanyoosha mkono, saa ikatoka kwenye mkono wa gauni, nyeusi, inameta. Akaitazama saa. Akanitazama mimi. Akasema karibu mama mzazi, akanisindikiza mpaka kiti cha mbele!

Inafanya kazi! Sikuamini. Nikazungusha pete palepale, pembetatu kwenye mshale wa dakika.

Baadaye nikaelewa kwamba alidhani mimi ni mama yake Mama Mapazia. Lakini angedhani hivyo bila saa? Hasha.

Nikala kwa adabu. Nikaketi karibu na mwanamume mmoja mkubwa, ngozi imeungua kwa jua, viganja kama makasia. Wakasema ni Nahodha, ana mashua za mashindano, Mama Mapazia ndiye anayemshonea maturubai. Hakuwa anakula. Alikuwa anautazama mkono wangu. Jinsi unavyomtazama mtu aliyevaa shati unaloliona kama lako.

Akaniomba radhi, akauliza kama anaweza kuiona saa. Nikampa mkono, si saa. Akageuza mkanda taratibu, akautazama ukingoni, akautazama tena. Halafu uso ukasawijika. Akasema samahani bibi, alidhani anaifahamu. Kumbe siyo.

Nikamwonea huruma nikamweleza, kwa siri, kwamba hii ni saa ya kuzamia. Akasema anajua. Akauliza kama mimi nazamia. Nikamwambia tangu ujana wangu. Akashangaa sana. Akauliza nimezamia wapi na wapi. Nikamwambia harusi, misiba, mahafali, popote. Akauliza mara ya mwisho lini. Nikasema mwanangu, sasa hivi nimo!

Akacheka mpaka akashika meza. Mtu mzito yule, lakini kicheko kilimtoka kama kilikuwa kimefungiwa muda mrefu.

Hapo ningetoka. Pete ilikuwa imeshanionya. Lakini wakaleta rimoti.

Mama Mapazia akabonyeza, na pazia, walahi, likaondoka lenyewe! Taratibu, kimya, kama bibi harusi. Akabonyeza tena, likarudi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mimi nilitaka kujua. Watu walipogeukia vinywaji nikaingia nyuma ya pazia. Kuna reli. Kuna kimota kidogo, kinanguruma kama paka aliyeshiba. Ndicho kinachovuta! Kitu kidogo hivyo! Nikafurahi mpaka nikashika kifua. Halafu nikateremsha macho nikaliona pindo.

Nilijizuia. Andika hivyo daftari, nilijizuia kabisa. Halafu nikasikia sauti yangu inauliza ukumbi mzima ni nani kashona pindo hili, alikuwa amefumba macho au alikuwa anakimbizwa.

Kisha mtu akabonyeza rimoti. Pazia likaondoka. Nikabaki nimesimama mbele ya watu wote, pindo mkononi.

Mama Mapazia hakukosa maneno, hajawahi. Kasema loo, kumbe hata king'ang'anizi kina gauni la zambarau. Kasema saa ile imenikaa kama kengele kwenye shingo ya mbuzi, ili watu wasikie ninakotokea wafunge milango. Watu wakacheka. Muuza mkaa akacheka! Nikamjibu kwamba angalau mbuzi anatembea kwa mstari ulionyooka, kitu ambacho mapindo yake hayajawahi. Nikatoka mwenyewe, kichwa juu. Bawabu alikuwa nyuma yangu, ananisindikiza. Karibu sana.

Saa nimeirudisha kwenye droo. Nimeifuta na pindo la gauni. Hakuna aliyejua. Kazi safi.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Leo lazima niandike yote.

Asubuhi mwanangu kapiga pasi shati mara mbili. Kafagia sebule mwenyewe. Springi ikaonekana, ilikuwa chini ya mto wa kochi, akasema ni dalili njema. Miwani akaja na miwani zake. Wakaketi. Mimi jikoni, mlango nimeuacha wazi kidogo ili hewa ipite, na masikio.

Mnunuzi akabisha hodi. Nikachungulia.

Nahodha!

Birika likanichoma kidole. Nikajifunika ushungi mpaka puani nikarudi nyuma ya mlango.

Mwanangu akamwekea saa kwenye kitambaa. Akaeleza alivyoisafisha. Mtoto anajua kusema akiwa na kazi yake, sikuwa najua. Nahodha akaishika kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akatazama mashua ya nyuma. Akatazama ukingo wa mkanda. Nikasikia saa zote za sebuleni zinavyogombana.

Akasema siyo yenyewe.

Miwani akaruka. Akasema haiwezekani. Akaeleza: Nahodha aliiuza mwaka juzi mji mwingine, akajuta, akamwomba amtafutie ile ile, naye kahangaika huku na huku mpaka kaipata. Nahodha akasema za aina hii ni nyingi. Yake ilikuwa na uzi mwekundu kwenye mkanda. Miwani akamuuliza je, namba za nyuma? Akasema namba hakuwahi kuzitazama. Alikuwa anatazama uzi. Akasema hata jana kaiona nyingine kama hii, mkononi mwa bibi mmoja mcheshi shereheni, moyo ukamruka, akaangalia mkanda, hamna.

Miwani akamgeukia mwanangu. Akauliza kama mkanda umebadilishwa. Mwanangu kaapa hajaugusa. Sauti yake ilikuwa ile ya utotoni, ya kusingiziwa kuvunja kitu ambacho hakukivunja. Miwani akasema yeye mwenyewe aliuona uzi Jumatatu. Basi saa imebadilishwa humu ndani! Akasema ampe meza gani sasa, meza ya mwizi? Akaanza kukunja kitambaa.

Ningekaa kimya? Ningekaa kimya, wasingejua. Mama Mapazia asingejua kwamba saa niliyovaa haikuwa yangu. Sebule yangu ingebaki karakana, na mwanangu angebaki mwizi.

Nikatoka. Nikafunua ushungi. Nikachomoa pini kwenye kilemba, nikaiweka mezani, uzi mwekundu umezunguka. Nikawaambia uzi ndio huu, mimi ndiye niliyeufumua, na yeyote aliyeshona vile aone haya, mtu mzima anashona kama anafunga gunia la viazi!

Mwanangu akashika kichwa. Miwani akavua miwani ya puani akavaa ya utosini. Nahodha akanitazama akasema, taratibu, kumbe ni bibi mzamiaji. Mwanangu akauliza mzamiaji wa wapi. Ikabidi yasemwe yote. Sherehe, bawabu, pazia. Mwanangu akasema mama, kuzamia ni majini! Chini ya maji! Saa ni ya wapiga mbizi! Nikamwambia nimeelewa, asinipigie kelele. Kuzamia ni kuzamia. Aliyeingia kwa samaki, samaki walimpa kadi?

Nahodha alikuwa ameushika ule uzi kwa vidole viwili. Nikamuuliza, ni nani alishona, ili nimjue nimsamehe. Akasema mkewe. Walikuwa kwenye mashindano, mkanda ukakatika mashua ikiwa imelala ubavu. Mkewe akashona hapo hapo, meno yakishika ncha ya mkanda, uzi wa shati lake mwenyewe. Hakuwa anajua kushona. Walifika wa mwisho. Akasema walicheka mpaka nchi kavu.

Mkewe hayupo tena. Alipoondoka duniani, Nahodha akaiuza saa ili asiione. Halafu akaona kwamba kutoiona ndiyo vibaya zaidi.

Basi. Ndiyo manukato yale.

Nikachukua sindano.

Nikamwambia akae, narudisha. Nikafumua kazi yangu nzuri, nikatunga ule mwekundu. Nikashona. Nikampa. Akatikisa kichwa. Akasema imenyooka. Nikashona tena, nikajitahidi kuharibu. Akasema bibi, bado nzuri mno. Sijawahi kutukanwa vile. Vidole vyangu haviwezi kushona vibaya, vinakataa, vinakwenda vyenyewe kwenye mstari kama punda anayejua nyumbani.

Nikamuuliza wimbi lilikuwaje. Akasema kubwa, la ubavuni. Nikamwambia ashike kiti changu atikise.

Akatikisa kwa adabu. Nikamkemea, hiyo ni bahari au unabembeleza mtoto? Akatikisa. Nikamwambia Miwani ashike upande wa pili, asisimame kama nguzo. Akashika! Mwanangu akasogeza taa, anacheka huku machozi yanamtoka, au analia huku anacheka, sikuwa na nafasi ya kuangalia. Nikauma ncha ya mkanda kwa meno niliyonayo. Kiti kikainuka, nikajichoma, mshono ukapanda. Kiti kikashuka, ukashuka. Ukaenda kombo. Mbaya! Mbaya kupita kiasi!

Nahodha akaupokea. Akautazama muda. Akapitisha kidole gumba juu yake. Akaivaa saa.

Mlangoni kaniambia, bibi, ukizamia tena popote, niite. Akaondoka na saa yake.

Miwani akakaa, akafuta miwani zote mbili. Kasema mwanangu aanze Jumatatu, meza ni yake. Kwa sharti moja. Mama yake asikanyage dukani. Mlinzi atapewa sura yangu.

Sharti! Kana kwamba nina haja na duka lake.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Mwanangu kahamisha bisibisi, taa, kila kitu. Kanikumbatia. Kasema asante mama, halafu kasema usirudie. Nikasema sitarudia.

Nimekaa kwenye kochi langu. Raha. Sebule kubwa kumbe. Nimesogeza meza ya wageni, nimeirudisha. Hakuna kinacholia tik tik. Nimesikiliza sana, hakuna.

Meza aliyopewa ikoje? Ina droo ngapi? Iko dirishani au Miwani kamtupa gizani nyuma ya makabati? Mwanangu macho yake hayapendi giza. Na kiti? Mtu anapaswa kwenda kuangalia. Lakini nimepigwa marufuku. Mlinzi ana sura yangu. Na Jumatatu asubuhi, wanasema, foleni ya wateja inafika barabarani.

Marufuku ni ya mama wa fundi. Mteja hajapigwa marufuku.

Hapa nyumbani imebaki saa moja. Ya mwalimu fulani, ataipitia wiki ijayo. Kubwa, ina vimishale vingi kama imechanganyikiwa. Nilimuuliza mwanangu wakati anafungasha, akanijibu bila kugeuka kwamba hiyo ni ya marubani, saa ya kurukia.

Saa ya kuruka!

Nami nasimamishwa kwenye foleni za watu tangu nizaliwe.

Nimeijaribu, inanienea. Kesho asubuhi na mapema, gauni la zambarau, ushungi mpaka puani. Foleni yao nitairuka mpaka mlangoni. Hakuna kitu kinachoweza kuharibika. Mkanda wake tu, wa ngozi, una mshono mmoja umekwenda upande. Siwezi kutoka nyumbani na kitu kama hicho mkononi.

Nimeshaufumua.